Chupa Iliyo Chini ya Mkoba

Mkoba wa kwenda kujifungulia unajulikana: kanga mbili tatu, beseni, nguo za mtoto, sabuni, kadi ya kliniki. Kwa akina mama wengi kuna kitu kimoja zaidi ambacho nesi hakukiandika popote. Ni chupa ya plastiki ya nusu lita, zamani ilikuwa ya soda, sasa ina maji ya kahawia yaliyochemshwa na magome au mizizi. Haikai juu. Huviringishwa kwenye kitambaa, ikasukumwa chini kabisa, na mwenye mkoba ameshausiwa kwamba wauguzi wasiione.

Aliyeiweka humo si adui. Ni mama mkwe, shangazi, au mkunga wa jadi aliyezalisha nusu ya kijiji, na amefanya hivyo kwa kumtakia mzazi mema. Makala hii inahusu chupa hiyo pamoja na ndugu zake: kikombe cha kichefuchefu, majani ya homa, unga wa kuongeza maziwa, na kijiko cha chango anachonyweshwa mtoto asiyefikisha hata arobaini.

Nimeiandika nikiwafikiria wasomaji wa Galula. Ukitoka Mbalizi kuelekea Mkwajuni na Makongolosi, barabara inaiacha baridi ya milimani na kuteremka hadi bonde la Rukwa, kwenye joto, mbu na mashamba ya mpunga. Hiyo ndiyo Galula, sehemu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Bonde hili limekusanya watu: Wabungu wenyeji, Wanyiha na Wasafwa wa jirani, Wasukuma waliokuja na mifugo, na wachimbaji wa dhahabu waliofuata mwamba wa Saza na Mkwajuni kutoka kila pembe ya nchi. Kila kabila limekuja na mti wake, na hapo hapo pana mtego. Jina la mti katika lugha moja linaweza kuwa la mti mwingine kabisa katika lugha ya jirani. Mama anayeelekezwa na jirani Msukuma, akatumwa mtoto wa Kibungu kuchimba mzizi, hana uhakika kilicholetwa ndicho kilichotajwa. Na gome likishakauka na kutwangwa, hata aliyelichimba hawezi kulitambua.

Watu wa hospitali wana kawaida ya kusema miti shamba ni imani tu. Mimi naona kauli hiyo ndiyo inayoharibu mazungumzo yote, kwa sababu kwa dawa nyingi za uchungu si kweli. Zinafanya kazi, na ndiyo maana zinatisha.

Mwaka 1960 daktari kutoka Norway, Lorents Gran, alikuwa akifanya kazi Luluabourg nchini Kongo, mji ambao leo unaitwa Kananga. Aliona wanawake wakinywa chai ya mmea mdogo uitwao kalata-kalata ili uchungu uende haraka. Hakucheka. Aliuchukua mmea maabara, na katika miaka ya 1970 akachapisha alichokipata: ndani yake mna protini ndogo inayokaza misuli ya mji wa mimba. Protini nyingi huharibika zikichemshwa, kama yai linavyobadilika kwenye sufuria, lakini hii ilistahimili moto. Baadaye, katika miaka ya 1990, wanasayansi waligundua kwamba umbo lake ni duara lisilo na ncha, ndiyo maana halifumuki kirahisi. Wale akina mama wa Kongo walijua wanachokifanya. Ambacho hakuna aliyekijua ni kiasi gani cha kitu hicho kilikuwa ndani ya kila kikombe.

Wazungu nao walipita njia hiyo hiyo, na kwao ilikuwa na makaburi mengi. Kuna kuvu inayoota kwenye masuke ya nafaka iitwayo rai. Wakunga wa Ulaya waliitumia kuharakisha uchungu, na mwaka 1808 daktari Mmarekani, John Stearns, akaipigia debe kwa madaktari wenzake. Haikupita miaka ishirini, daktari mwingine wa New York, David Hosack, akaandika kuwa unga huo ulioitwa wa kuzalisha ulifaa uitwe wa kuua, kwa jinsi watoto walivyozaliwa wafu. Haukutupwa. Ulichunguzwa, na mwaka 1935 kiini chake, ergometrini, kikatengwa na kupimwa. Kikapewa mahali pake: baada ya mtoto kuzaliwa, kuzuia damu. Kabla ya hapo, marufuku. Kitu kilekile kinaweza kuua kikitolewa saa tatu mapema, na kuokoa kikitolewa kwa wakati wake.

Sasa rudi kwenye wodi. Mama akifika na uchungu unasuasua, mkunga anaweza kumwekea dripu ya oksitosini. Anaihesabu kwa matone, anaanza na machache, anaongeza taratibu, na kila mara anaweka mkono tumboni na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Mji wa mimba ukikaza kupita kiasi, anafunga dripu na dawa inaisha mwilini ndani ya dakika chache. Chupa ya magome haina koki. Ukishaimeza umeimeza.

Uchungu wa kawaida huja na kuondoka, na katika ule muda wa kuondoka ndipo mtoto anapata hewa, kwa sababu mishipa inayompelekea damu inafunguka tena. Dawa kali ikiufanya mji wa mimba ukaze bila kupumzika, mtoto anabanwa pumzi. Anachafua maji akiwa bado ndani, na anaweza kuyavuta hadi mapafuni. Mama naye, hasa aliyezaa mara nyingi au mwenye kovu la upasuaji wa uzazi, anaweza kuchanika mji wa mimba. Hiyo ni ajali inayoua kwa muda mfupi kuliko safari ya kutoka kijijini hadi kwenye chumba cha upasuaji. Aliyewahi kupasuliwa asikubali dawa ya uchungu ya aina yoyote nje ya hospitali, hata kijiko.

Jirani zetu wa Malawi wana dawa ya uchungu waiitayo mwanamphepo. Uchambuzi wa taarifa za akina mama wa vijijini nchini humo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliotumia dawa hiyo walipata matatizo zaidi, wao na watoto wao wachanga, kuliko wasioitumia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha kila tatizo, maana huenda aliyekuwa na uchungu mbaya ndiye aliyekimbilia dawa. Lakini nami ningekuwa na binti Galula, nisingesubiri uthibitisho zaidi.

Kuna badiliko moja ambalo bibi zetu hawakuliona. Zamani aliyekunywa dawa ya uchungu alijifungulia nyumbani, ikawa dawa moja peke yake. Leo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, wanawake 81 kati ya kila 100 Tanzania wanajifungulia kwenye vituo vya afya. Miaka michache nyuma, 2015–16, walikuwa 63. Ni jambo la kushukuru. Lakini chupa nayo imehamia wodini. Mama anakunywa saa nne usiku nyumbani, anafika kituoni saa saba, hasemi kitu, na mkunga akiona uchungu haueleweki anamwekea dripu. Dawa mbili za kazi moja zinakutana ndani ya mwili mmoja, na mkunga anayeisimamia moja hajui kwamba ya pili ipo. Chupa ni hatari. Siri juu ya chupa ni hatari zaidi yake.

Tuanze sasa mwanzo wa mimba, maana huko nako kuna vikombe vyake.

Viungo vya mtoto, yaani moyo, ubongo, mikono na miguu, hujengwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kabla mama hajajijua vizuri kuwa ana mimba. Kondo la nyuma si ukuta. Dunia ilijifunza hivyo kwa uchungu kati ya 1957 na 1961, wakati vidonge vya thalidomide, vilivyotengenezwa na kiwanda cha Ujerumani na kusifiwa kuwa salama kabisa, vilipolemaza watoto zaidi ya 10,000. Naitaja makusudi, ili mtu asidhani onyo hili ni la dawa za mwituni tu. Vidonge vya dukani vya kutuliza maumivu, vya vidonda na vya chunusi ambavyo jirani anakugawia navyo viulizie kwanza.

Kichefuchefu ndicho kinachowafikisha wengi kwa muuza dawa. Habari njema ni kwamba tangawizi, iliyomo jikoni mwako, imechunguzwa kwa wajawazito na inasaidia. Kipimo kilichotumiwa zaidi ni kama gramu moja ya unga wake kwa siku nzima, yaani takribani nusu kijiko cha chai, ukagawa mara tatu au nne. Usipitishe hapo, na ukiwa unatumia dawa za kuyeyusha damu au unatokwa na damu, iache. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Kwa wengi kichefuchefu hupungua chenyewe kati ya wiki ya 12 na ya 16, ndiyo maana kikombe cha mwisho ulichokunywa ndicho kinachopata sifa zote. Kutapika kusikoacha hata maji yakae tumboni ni ugonjwa, na dawa yake iko kituoni.

Homa ni habari nyingine. Bonde la Rukwa ni nchi ya malaria, na mjamzito akiugua malaria anaweza kupungukiwa damu vibaya, kupoteza mimba au kuzaa mtoto mdogo mno. Kuna wanaochemsha pakanga, au ile artemisia inayopandwa bustanini, kwa hoja kwamba dawa za hospitali zinatokana na mmea huo huo. Hoja ina ukweli nusu. Kiasi cha dawa kwenye majani hubadilika kutoka shamba hadi shamba na kikombe hadi kikombe. Unapata cha kupunguza homa bila kumaliza vimelea, unajiona umepona, kumbe kondo la nyuma limejaa. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mwaka 2019 wa kutokubali majani hayo kama tiba ya malaria. Pima kwanza, upewe dawa mseto kwa kadiri ya umri wa mimba. Na zile tembe za SP unazomezeshwa kliniki mbele ya nesi, kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu kwa kupishana mwezi mmoja, usizikwepe kwa kuwa eti unakunywa mwarobaini.

Mwarobaini wenyewe ni mti ninaouheshimu kwa ngozi na kwa wadudu wa ghalani. Mjamzito asiunywe. Mafuta na dondoo zake zimeharibu mimba za wanyama maabara, na mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza jinsi watoto wachanga walivyozimia, wakatetemeka na wengine kufa baada ya kunyweshwa mafuta ya mbegu zake kama tiba ya kawaida ya nyumbani.

Mlonge unagawanyika. Majani yake ni mboga. Ukiyapika kama unavyopika mchicha hayana shida, yana lishe. Mizizi na magome yake ni dawa kali inayohofiwa kukaza mji wa mimba, na hayo usiyaguse. Shubiri, ule utomvu wa njano mchungu, huendesha tumbo na kulisokota. Mafuta ya mbarika vivyo hivyo, na kuharisha kunaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati na kumkausha mama maji. Uwatu kwenye pilau au mchuzi ni kiungo. Uwatu wa vikombe vya kila siku ni dawa inayoshusha sukari na haimfai mjamzito. Mchaichai na mdalasini kwa kiasi cha chai ya familia havijawahi kunitia hofu. Kitu kikiwa chakula, ukile kwa kiasi cha chakula; mafuta yake yaliyokamuliwa, vidonge vyake na unga wake uliokolezwa vihesabu kuwa dawa.

Mlenda je? Huambiwa mjamzito aule sana ili mtoto ateleze. Mtoto hatelezi kwa mlenda, lakini mlenda ni mboga nzuri, kwa hiyo mwache bibi apike na wewe kula. Si kila ushauri wa wazee unahitaji vita.

Udongo unahitaji. Najua utamu wa pemba, ule udongo wa kuchomwa unaouzwa sokoni kwa vipande, na harufu ya ukuta ulionyeshewa mvua. Hamu hiyo mara nyingi inatembea pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaufanya uwe mbaya zaidi kwa kuyashika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe. Mkoani Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, watafiti waliupima udongo unaoliwa na wajawazito wakakuta aseniki ndani yake; walichapisha mwaka 2014. Sisi tunaoishi karibu na Saza na Mkwajuni hatuna sababu ya kudhani udongo wetu ni mtakatifu. Na kama mume anachoma dhahabu na zebaki, asiichome jikoni wala uani, wala asikuletee nguo za kazi uzifue. Mvuke wa zebaki hauonekani, na mtoto aliye tumboni ndiye unayemwathiri zaidi.

Juu ya damu, neno moja: vidonge vya FEFO unavyopewa kliniki bure ndivyo vinavyoongeza damu. Dawa za magome mekundu hazigeuki damu kwa kufanana rangi. Kinyume chake, maji ya magome na chai ya rangi yana ukakasi unaozuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo usimeze vidonge kwa chai. Tumia maji au juisi ya ndimu.

Ukishajifungua, ule mlango mwingine wa dawa unafunguka: za kusafisha tumbo, za kurudisha mwili, na mbaya kuliko zote, za kuweka ukeni. Mji wa mimba baada ya kuzaa una kidonda kikubwa pale kondo lilipobanduka. Majani au kitambaa chenye dawa kikipachikwa ukeni kinaingiza vijidudu moja kwa moja kwenye kidonda hicho. Damu ya uzazi inajisafisha yenyewe. Ikiwa na harufu mbaya, au mama akapata homa, hiyo haingoji mvuke wala maji ya moto.

Maziwa. Mama mchanga akiona mtoto analia siku ya pili, anaambiwa maziwa hayatoshi, analetewa uji wa dawa, unga wa mizizi, au kikombe cha kimpumu kwa kuwa pombe ya nafaka eti inajaza matiti. Pombe inafanya kinyume: inazuia maziwa yasishuke na inampitia mtoto. Zile siku za mwanzo tone ni dogo kwa sababu ni dang'a, na tumbo la mtoto nalo ni dogo. Maziwa huongezeka kwa kunyonywa. Mnyonyeshe mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku usiruke, hakikisha amekamata hadi sehemu nyeusi ya titi. Kwa joto la Galula weka kikombe cha maji pembeni kila unapokaa kunyonyesha, na kula unachokipata: ugali, maharage, samaki wa Rukwa, uji wa ulezi. Mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza, na uzito unapanda kwenye kadi, anashiba, hata majirani waseme nini.

Anachokunywa mama, sehemu yake inaingia kwenye maziwa. Kwa mtu mzima wa kilo sitini ini na figo zinakisafisha. Kwa mtoto wa kilo tatu, hasa mwezi wa kwanza, viungo hivyo bado vinajifunza kazi. Kwa hiyo dawa za kuendesha tumbo, shubiri, ugoro, bangi na zile chupa zilizolowekwa kwenye gongo ziache mpaka utakapoacha kunyonyesha.

Dawa za mtoto mwenyewe ndizo zinazonisumbua moyo zaidi. Mpaka miezi sita mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, na dawa anazoandikiwa kituoni. Basi. Hata maji hayamo. Wasemao "ni kijiko tu cha chango" wasikilize hili: mtoto mwenye afya hulia zaidi akiwa na wiki kama sita, kisha kilio hupungua chenyewe, na kufikia miezi mitatu au minne kimekwisha. Chango inatibiwa na kalenda. Ukimnywesha majani wiki ya saba ukaona ametulia wiki ya kumi, utawaambia wenzako majani yamemponya, nao watawanywesha watoto wao. Asali nayo, hata ile safi ya misitu ya Chunya, asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachopooza misuli ya mtoto mdogo.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI ana sababu ya ziada. Akimeza dawa zake na kunyonyesha maziwa matupu, mtoto wake yuko kwenye nafasi nzuri ya kubaki salama. Utafiti wa Durban uliochapishwa mwaka 1999 ulishaonyesha kwamba kuchanganya maziwa ya mama na vitu vingine kunaongeza maambukizi kuliko kunyonyesha tu. Aidha baadhi ya miti inalifanya ini livunje dawa za kufubaza virusi upesi mno, au lichelewe mno. Asichanganye bila kumwambia anayempa dawa.

Utosi unanifanya nisimame kidogo. Wazee wetu walijua kutazama utosi wa mtoto, na walijua kuwa ukibonyea kuna jambo. Jicho lao lilikuwa sahihi. Ni tiba iliyokosea, maana utosi haukuanguka. Mtoto amekaukiwa maji, kwa kuharisha, kutapika au kutonyonya. Kumpaka dawa utosini ni kupaka rangi tangi lililovuja. Mnyonyeshe mfululizo, mwahishe kituoni akapewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti na zinki. Utosi uliovimba nao, pamoja na homa, ni dharura. Degedege vivyo hivyo: mtoto anayekakamaa kwa homa anahitaji kupimwa malaria sasa hivi, si kufukizwa. Na kitovu kisipakwe majani, majivu wala kinyesi cha ng'ombe; pepopunda inaingilia hapo. Kiache kikavu, au paka ile dawa uliyopewa kituoni tu.

Baadhi ya wasomaji wataniuliza: je, dawa zenye lebo, zile za kwenye makopo zinazopitishwa Tunduma na kuuzwa hadi stendi? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asilia inayozichunguza tangu kitengo chake kilipoanzishwa mwaka 1974. Muulize muuzaji usajili wake. Asiye nao mwache. Lakini usajili haumaanishi dawa imepimwa kwa wajawazito. Kopo lisiloandika chochote kuhusu mimba lichukulie kama limekataa. Wale wanaokumbuka foleni za magari kwenda Samunge kunywa dawa ya Babu wa Loliondo mwaka 2011 wanajua jinsi watu wengi wanavyoweza kukubaliana juu ya kikombe kimoja.

Najua kusoma ni rahisi kuliko kukaa jikoni na mama mkwe. Kumkatalia waziwazi ni kumvunjia heshima, na wewe utabaki naye. Jaribu kumshirikisha. "Mama, shikamoo. Nimeiona dawa, nashukuru. Nesi ametuambia tumwonyeshe kila tunachokunywa, naomba Jumatatu tuongozane." Mama mkwe aliyeongozana na mkwewe kliniki mara mbili mara nyingi hugeuka mlinzi wake. Mume naye ana kazi: amwambie mama yake yeye mwenyewe, asimwachie mkewe. Na mkunga wa jadi asifukuzwe. Anajua nyumba ipi ina mimba ya kwanza na ipi ina kovu. Awe msindikizaji, amshike mzazi mkono njiani hadi kituoni.

Wauguzi nao wana deni. Katika utafiti uliofanyika mkoani Kigoma kati ya 2014 na 2016, takribani mwanamke mmoja kati ya kumi alisema alitumia miti shamba katika mimba au uchungu wake wa mwisho, na hao ni waliokubali kusema. Mama aliyewahi kufokewa mbele ya wenzake hatasema tena, na binti yake hatasema. Swali "Umekunywa dawa za kienyeji?" likiulizwa kwa ukali lina jibu moja tu: hapana. Lakini "Mama, wengi huwa wanapewa kitu cha kunywa nyumbani, wewe umepewa nini?" hufungua mkoba.

Kuna dalili ambazo hazisubiri dawa ya aina yoyote: kutokwa damu, maji kupasuka kabla ya uchungu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza, na tumbo lililokakamaa bila kupumzika. Piga 115, ni bure. Ndiyo namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Kama unaishi ng'ambo ya mto au mbali na barabara na mvua zimechachamaa, usingoje uchungu uanze. Hamia kwa ndugu aliye karibu na kituo wiki mbili tatu kabla ya tarehe.

Na kama umeshakunywa, usijitapishe, usiongeze kikombe cha pili. Usiimwage chupa njiani kwa aibu. Ichukue ilivyo, na gome lililobaki uliweke kwenye mfuko. Ukifika, kabla hujapanda kitandani, kabla hawajatafuta mshipa wa dripu, itoe chini ya mkoba umpe mkunga mkononi: "Dada, nimekunywa hii. Kikombe kimoja, saa nne usiku. Iliyobaki hii hapa."